Orodha Iko Mikononi mwa Nani? Picha za Simu na Ulinzi wa Mtoto, kutoka Kampala hadi Songea

Agosti 2021 yalitokea mambo mawili ambayo ni nadra kusimuliwa pamoja. Tarehe 5 ya mwezi huo kampuni ya Apple ilitangaza Marekani kwamba simu zake zitaanza kukagua picha za wenye simu kabla hazijapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, zikitafuta picha za watoto wanaodhalilishwa kingono. Mwezi huohuo, mjini Kampala, Mahakama ya Katiba ilitangua vifungu vya msingi vya Sheria ya Kupinga Ponografia ya Uganda ya mwaka 2014. Sheria hiyo ilikuwa imeitangulia Apple kwa miaka saba katika kuagiza kwamba programu za kugundua picha ziwekwe ndani ya simu na kompyuta za wananchi. Dunia nzima ilibishana kuhusu Apple, na habari ya Kampala ikapita haraka. Kwa msomaji wa Songea, naamini Kampala ina mengi zaidi ya kufundisha kuliko California ya Apple, kwa sababu inaonyesha chombo cha namna hii kinavyofanya kazi kikiwa mikononi mwa dola zetu, chini ya polisi wetu na mahakama zetu. Hoja yangu ni kwamba ubora wa mashine ni jambo la pili. La kwanza ni kujua mashine hiyo inampelekea nani taarifa, na nani ana uwezo wa kubadili orodha ya vitu inavyovitafuta. Usalama wa mtoto wa Ruvuma na faragha ya mzazi wake vinasimama au kuanguka hapo.

Mashine yenyewe ilianza mwaka 2009, pale Microsoft na Profesa Hany Farid, wakati huo akiwa Chuo cha Dartmouth, walipotengeneza PhotoDNA. Ilikuja kutatua tatizo la kweli. Picha ya mtoto aliyedhalilishwa haiishi siku ile aliyeipiga anapokamatwa. Huendelea kusambazwa kwa miaka, na mtoto huyo hukua huku akijua kwamba watu asiowajua bado wanaitazama. PhotoDNA huigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, huipunguza, huigawa katika vyumba vidogo na kupima mwanga unavyobadilika ndani yake, kisha hutoa mfululizo wa namba. Mtu akiibadilisha picha ukubwa au kuihifadhi upya, namba hubaki karibu zilezile. Namba hizo hulinganishwa na orodha ya picha zilizokwisha kuthibitishwa, na mtunzaji mkuu wa orodha hiyo Marekani ni kituo cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, NCMEC, kilichoanzishwa mwaka 1984. Sheria ya Marekani hailazimishi kampuni kutafuta, ila ikishaona lazima itoe taarifa. Mwaka 2020 kituo hicho kilipokea taarifa zaidi ya milioni 21. Facebook peke yake ilitoa zaidi ya milioni 20, na Apple ilitoa 265. Mwaka 2023 jumla ilivuka milioni 36. Mtu akizitazama namba hizo mbili, milioni 20 na 265, anaelewa kwa nini Apple ilibanwa.

Faida ya kazi hiyo siipingi, na anayeipinga hajawasikiliza waathirika. Lakini lazima tujue mipaka yake. PhotoDNA inaitambua picha iliyokwisha kuingia kwenye orodha. Picha mpya haiioni. Mtoto anayedhalilishwa leo usiku Namtumbo au Mbinga hayumo kwenye orodha ya NCMEC iliyoko Virginia. Ili mashine imwone, lazima kwanza mtu mzima amwone, amsikilize, na apeleke jambo lake mbele. Ili kuivuka mipaka hiyo, kampuni nyingine zimeongeza mashine za kukisia, ambazo hutazama picha mpya na kusema inafanana na uhalifu au haifanani. Hizo ndizo zenye makosa mengi zaidi, na nitazirudia.

Sasa twende Kampala. Rais Museveni alitia saini sheria ile Februari 2014. Ilikuwa na kifungu kuhusu watoto, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekipinga. Lakini tafsiri yake ya ponografia ilikuwa pana mno: pamoja na matendo ya ngono, iligusa kila namna ya kuonyesha viungo vya mtu kwa nia ya kuamsha ashiki. Nani apime nia hiyo, na kwa kipimo gani? Sheria iliunda Kamati ya Kudhibiti Ponografia na kuipa, miongoni mwa kazi zake, kuharakisha upatikanaji na uwekaji wa programu ndani ya kompyuta, simu za mkononi na televisheni ili kugundua na kuzuia ponografia. Kampuni ya intaneti ambayo haikutumia njia zilizopendekezwa na kamati ilitenda kosa. Kwa maneno mengine, ukaguzi wa picha ndani ya kifaa uliandikwa katika sheria ya Afrika Mashariki kabla Apple haijautamka.

Kilichofuata hakikuwahusu watoto. Majuma machache baada ya saini, wanawake walivamiwa mitaani na kuvuliwa nguo na makundi ya wanaume waliodai wanaitekeleza sheria, kwa sababu wengi walikuwa wameipokea kama sheria ya kupiga marufuku vimini. Wanawake ambao picha zao za faragha zilivujishwa na wapenzi wao wa zamani walitishiwa kushtakiwa wao, wakati aliyevujisha akitembea huru. Mwaka 2016 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alitangaza kwamba serikali inanunua kutoka Korea Kusini mashine ya kugundua ponografia kwenye simu na kompyuta kwa dola 88,000. Mwaka uliofuata kamati ikazinduliwa rasmi. Watetezi wa haki za wanawake walikuwa wamefungua shauri tangu 2014, na walisubiri miaka saba kupata hukumu. Mahakama iliona kwamba tafsiri ya kosa ilikuwa pana na isiyoeleweka kiasi cha kukiuka Katiba. Katika miaka hiyo yote saba orodha ya vitu vinavyotafutwa ilikaa mikononi mwa waziri, na baadaye kamati yake. Ilianza kwa jina la mtoto na utu wa mwanamke, ikaishia kwenye sketi na simu ya mwanamke huyohuyo.

Apple walianza kwa uangalifu mkubwa zaidi, na ni haki kulisema hilo. Mfumo wao, waliouita NeuralHash, ungefanya kazi kwanza Marekani tu, na kwa picha zile tu ambazo mwenye simu amechagua kuzipandisha iCloud. Akaunti isingetazamwa na binadamu mpaka picha zipatazo 30 zilingane na orodha, na kampuni ilidai kwamba nafasi ya kuikosea akaunti moja kwa mwaka ni moja katika trilioni. Siku kumi na tatu baada ya tangazo, watafiti walikuwa wameshaichomoa programu hiyo kutoka ndani ya simu na kutengeneza picha mbili tofauti kabisa zenye namba zilezile. Mashirika zaidi ya 90 ya kiraia kutoka mabara mbalimbali yaliandika barua ya kupinga, na hoja yao kuu ilikuwa ileile ya Kampala: ukishajenga mlango ndani ya simu, serikali itakuja kudai uongeze kitu kingine kwenye orodha. Apple walijibu kwamba watakataa. Septemba 2021 waliahirisha, na Desemba 2022 wakaachana na mpango huo. Agosti 2023 mkurugenzi wao wa faragha, Erik Neuenschwander, aliliandikia shirika moja la watoto kwamba kukagua hifadhi binafsi ya kila mtu kungewafungulia wezi wa data njia mpya na kuleta madhara yasiyokusudiwa. Kampuni ileile iliyokuwa imetuhakikishia kwamba mlango utalindika ilikubali, kwa kalamu yake, kwamba mlango huo ungeleta hatari mpya.

Kuna sehemu ya mpango ule wa 2021 ambayo haikufa, na hiyo ndiyo inayonishawishi kwamba ubishi wa "mashine iangalie au isiangalie" umekosewa tangu mwanzo. Apple walitengeneza pia kinga ya mtoto katika ujumbe: picha ya utupu ikiingia kwenye simu ya mtoto, simu yenyewe huifunika, humwonya na kumweleza kwamba anaweza kumwambia mtu mzima anayemwamini. Mwanzoni walitaka mzazi wa mtoto wa chini ya miaka 13 apelekewe taarifa moja kwa moja. Watetezi wa watoto wakauliza: je, kama mdhalilishaji ni mzazi huyohuyo? Taarifa hiyo ikaondolewa, kinga ikatoka Desemba 2021, na tangu 2023 huwa imewashwa tayari kwa watoto wadogo. Hapa pia mashine inaangalia picha ndani ya simu, lakini haimwambii polisi, wala kampuni, wala waziri. Inazungumza na mtoto peke yake. Teknolojia ni ya jamaa moja, ila mamlaka yamewekwa mahali tofauti, na sijaona mtetezi wa faragha anayelia juu yake.

Mfano wa upande mwingine ulitokea San Francisco. Februari 2021 baba mmoja alimpiga picha mwanawe mdogo aliyekuwa amevimba sehemu za siri, kwa sababu muuguzi alitaka daktari azione kabla ya miadi ya video. Simu yake ya Android ilizipandisha picha hizo kwenye hifadhi ya Google. Mashine ya kukisia ikaona uhalifu. Baba huyo alifungiwa akaunti, akapoteza barua pepe zake, namba yake ya simu na picha za miaka mingi za familia. Polisi walichunguza na kumwona hana kosa lolote, lakini Google haikumrudishia akaunti. Kisa chake kiliandikwa na gazeti la New York Times Agosti 2022. Anayesema "asiye na la kuficha ana hofu gani?" ajibu kisa hiki. Baba yule hakuficha chochote. Alifanya kile ambacho kila mama wa Lizaboni au Mfaranyaki, hapa Songea, angefanya leo akitaka dada yake aliye muuguzi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa autazame upele wa mtoto. Tofauti ni kwamba yule wa San Francisco alipata mwandishi wa gazeti kubwa.

Na baada ya mashine kuna binadamu. Picha zinazotiliwa shaka mara nyingi hutazamwa na mtu, na baadhi ya watu hao wamekuwa Nairobi. Tangu 2019 kampuni ya Sama iliajiri huko wakaguzi wa maudhui ya Facebook. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Sama pamoja na Meta mahakamani Kenya, na mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafungua shauri lao. Taarifa za kitabibu zilizofikishwa mahakamani zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao walikutwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Gharama ya ukaguzi wa picha za dunia imeshalipwa na vijana wa ukanda wetu, na anayetaka ukaguzi uongezwe aseme pia ni nani ataketi mbele ya kioo hicho.

Tanzania ilipita njia yake. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 na Sheria ya Mtoto ya 2009 ziliweka adhabu kwa wanaowadhuru watoto. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mosi mwaka huo. Kifungu chake cha 13 kinakataza kuchapisha picha za ngono za watoto, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote pamoja. Hicho ni kifungu kizuri. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo, kifungu cha 31 kama kilivyopitishwa kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kupekua na kukamata kompyuta au simu, na cha 32 kinamruhusu kumwamuru mtu yeyote aliye na data aitoe, bila kupita kwa hakimu. Na kuna kifungu cha 39, ambacho wengi hawakijui: mtoa huduma halazimiki kuzichunguza data anazozipitisha au kuzihifadhi, wala kutafuta kwa bidii dalili za uhalifu. Akishajua kuna jambo haramu, hapo ndipo anapaswa kuliondoa na kuwajulisha wenye mamlaka. Bunge la Tanzania, kwa kalamu ya mwaka 2015, lilikataa kuzifanya kampuni za simu kuwa wapekuzi wa jumla. Wakati Uganda ilikuwa imeagiza programu ndani ya simu, sisi tuliandika kinyume chake, na sioni kwa nini jambo hilo halisemwi kwa fahari.

Tatizo letu limekuwa vifungu vile viwili vingine. Shauri maarufu la kwanza kuhusu kifungu cha 32 halikuhusu picha ya mtoto yeyote. Lilihusu mtandao wa JamiiForums, uliotakiwa na polisi kutaja majina ya watu waliokuwa wameandika kuhusu kampuni za biashara. Wamiliki wake walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Desemba mwaka huo mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho hakivunji Katiba. Kabla ya hapo, katikati ya 2016, mkazi mmoja wa Arusha alikuwa ameshatiwa hatiani chini ya sheria hiyo kwa maneno aliyoyaandika Facebook kumhusu Rais. Siyasemi haya kudai kwamba polisi hawawatafuti wadhalilishaji wa watoto, wanawatafuta. Nasema tumekwisha kuona uwezo uliotolewa bila hakimu unavyoelekea: huenda kwa anayewakera wenye nguvu upesi kuliko unavyokwenda kwa anayemdhuru mtoto asiye na mtetezi.

Baadaye macho yaliongezeka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizitaka kafe za intaneti kufunga kamera na kutunza kumbukumbu za picha hizo. Kati ya Mei 2019 na Januari 2020 laini zote za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole. Ulinzi wa anayeangaliwa ulikuja mwisho kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei mosi 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Kwa karibu miaka minane tulikuwa na sheria ya kuchukua taarifa za watu kabla ya kuwa na sheria kamili ya namna ya kuzitunza. Sheria hiyo mpya inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, jambo ambalo watetezi wa ukaguzi wanapaswa kulisoma kwa makini: faragha nayo ni ulinzi wa mtoto. Picha ya mtoto inayokaa kwenye hifadhi ya mtu mwingine, kwa jina la kumlinda, bado ni picha ya mtoto iliyoko mikononi mwa wengine.

Songea ina sababu yake ya kulielewa hili. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, aliuawa baada yao, na wazao wake wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Picha ya simu na fuvu la shujaa havilingani, na sitaki msomaji afikiri ninavilinganisha. Ninachokichukua ni cha utaratibu: kilichochukuliwa kutoka kwa watu wasio na ofisi ya kukidai huingia katika kumbukumbu za mbali, hupewa namba na wasiowajua, na wazao hulazimika kuomba wakitafutiwe. Imechukua miaka 117 hata kuipata ahadi. Mkazi wa Songea ambaye akaunti yake imefungwa na mashine iliyoko California ana ofisi ipi ya kuingia na kueleza kwamba ile ilikuwa picha ya mtoto wake mgonjwa? Kwa sasa jibu linaloweza kujengwa ni Tume ile ya 2024, na bado ni changa.

Tutazame sasa simu zenyewe za hapa. Nyingi ni za Android: Tecno, Itel, Infinix, Samsung. Aliyewasha hifadhi ya Google Photos picha zake tayari zinakaguliwa, awe anajua au hajui. WhatsApp tangu 2016 imefungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, kwa hiyo kampuni haisomi kinachopita ndani yake. Na sehemu kubwa ya picha na video hapa haziendi mtandaoni kabisa, kwa sababu bando ni ghali: zinarushwa kwa programu ya Xender na kwa Bluetooth, zinakaa kwenye memori kadi, zinaingizwa kibandani na kijana anayeuza nyimbo, zinabaki kwa fundi simu ambaye ameachiwa simu pamoja na neno la siri. Mashine ya kampuni haitaona lolote kati ya hayo. Mashine ya dola, kama ile aliyoiota Lokodo, ingeyaona yote, pamoja na picha za harusi, za hospitali na za wapendanao.

Mtoto anaumizwa wapi? Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliotoka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti nchini, yaani wapatao 200,000, walifanyiwa udhalilishaji wa kingono mtandaoni. Weka takwimu hizo mbili pamoja. Ingawa hazipimi kipindi kimoja, zinaashiria kwamba ukatili wa nyumbani, shuleni na njiani ni mkubwa kuliko ule wa mtandaoni, na mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Wengi wa watoto hao hawaendi polisi, kwa woga, kwa aibu, au kwa sababu hawajui pa kwenda. Sera inayoelekeza fedha na akili kwenye kupekua picha za watu wazima wote, huku msichana aliyepanga chumba karibu na shule ya kata akikosa mtu wa kumwambia, imeanza kazi kwa mkia.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, na limetoka kwa waathirika wenyewe. Desemba 2024 watu waliodhalilishwa wakiwa watoto waliishtaki Apple huko California kwa kuutupa mpango wake, wakisema kila siku picha zao zinaendelea kuhifadhiwa bila kuzuiwa. Sina haki ya kuwaambia kwamba maumivu yao ni madogo kuliko faragha ya wengine. Ninalojibu ni kwamba wanachodai kinaweza kutimizwa kwa kiasi kikubwa bila kuweka mpekuzi ndani ya simu. Mtu anapoikabidhi picha kwa kampuni ili iihifadhi au iisambaze, ni halali kampuni kuilinganisha na orodha ya picha zilizothibitishwa, mradi orodha hiyo iwe ya picha za watoto tu, ilindwe kwa sheria, ikaguliwe na chombo huru, na aliyekosewa awe na mahali pa kukata rufaa. Mashine za kukisia zisitumike kumfungia mtu akaunti wala kumpeleka polisi kabla binadamu hajapima. Zaidi ya hapo, ndani ya kifaa cha mtu, nakubali ukaguzi unaozungumza na mwenye kifaa peke yake.

Wengine watasema kumsubiri hakimu ni kumpa mhalifu nafasi ya kufuta. Lakini kifungu cha 33 cha sheria ya 2015 tayari kinaruhusu kuamuru data zihifadhiwe zisipotee wakati uchunguzi ukiendelea. Songea ina Mahakama Kuu kanda, ina Mahakama ya Hakimu Mkazi, na Mahakama ya Tanzania imekwisha kuanza kupokea mashauri kwa njia ya kielektroniki. Polisi wa Tunduru au Nyasa anaweza kuiomba amri leo na kuipata kabla jua halijazama, ikiwa Mahakama itapanga hakimu wa zamu. Tena ushahidi uliokamatwa kwa amri ya hakimu ni mgumu zaidi kuupangua kesi inapofika mbele.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Ruvuma wawe wa kwanza kupeleka hoja: vifungu vya 31 na 32 virekebishwe ili amri ya kupekua simu na kutoa data itoke kwa hakimu, na kifungu cha 39 kisiguswe hata siku ambayo mtu atasimama bungeni na kusema anataka kukibadili kwa ajili ya watoto. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi izitake kampuni zinazokagua picha za Watanzania zieleze zinakagua nini, kwa orodha ya nani, na Mtanzania aliyekosewa alalamike wapi kwa Kiswahili. Halmashauri ziweke fedha kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa maofisa ustawi wa jamii, wawe na usafiri wa kufika vijijini. Na wewe msomaji, ukiwa na shaka kuhusu mtoto yeyote, usingoje picha: piga 116, namba ya kitaifa ya huduma kwa mtoto. Hupigwa bure.